Baba alichoma kikapu cha dawa cha bibi, nami nataka kukirudia

Shikamoo Bi Mkubwa,

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, na tunaishi Lushoto, si mbali na mjini. Nyumba yetu imegawanyika na chanzo ni mimi, ndiyo maana nakuandikia.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mganga wa mitishamba. Naomba nieleweke mapema: hakuwa akipiga ramli wala kumtaja mtu kwa uchawi. Watu walitoka Soni, Bumbuli, hata Mlalo, wakija kwa kikohozi, tumbo, homa, majipu, na akina mama waliotoka kujifungua. Alikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu. Ndani yake kila gome na kila mzizi ulifungwa kwenye kitambaa chake, na kila kitambaa kilikuwa na fundo la namna yake, kiasi kwamba aliweza kuchagua dawa gizani kwa kupapasa tu. Alikuwa mkali pia. Wengine aliwarudisha hata bila kuwagusa, akisema, "Huyu si wangu," na hapo hakuna wa kumbembeleza.

Hakujua kusoma. Nilipokuwa darasa la tano alinikalisha kwenye kigoda akaniambia niandike. Yeye akitaja, mimi nikiandika kwa penseli kwenye daftari la shule, tukafika kurasa ishirini na mbili. Nilipokuwa darasa la saba baba aliokoka. Jumapili moja alikuja na wazee wa kanisa, akakitoa kikapu nje akakichoma mbele ya mama yake. Bibi hakusema neno. Aliishi miaka sita mingine na hakumtibu mtu tena. Daftari lilipona kwa sababu lilikuwa kwenye begi langu, katikati ya madaftari ya hesabu.

Miaka miwili iliyopita mtoto wangu wa mwisho alikohoa wiki nzima. Nikafungua daftari, ukurasa wa nne: tangawizi, mchaichai, asali. Akapona. Nikampa jirani, jirani akamwambia mwenzake, na sasa kila Jumamosi kwenye benchi langu wanakaa watu wanane, kumi. Wengi wanataka dawa ya mwarobaini, kwa homa, minyoo na sukari. Daftari linasema: konzi mbili za majani, sufuria ndogo ya maji, chemsha, kunywa asubuhi siku tatu. Shangazi zangu wanasema bibi alikuwa akiagiza majani Mombo, na baba mwenyewe akiwa kijana ndiye aliyekuwa akitumwa na gunia kwenye basi. Sijui kwa nini alijisumbua hivyo, kwa sababu mti upo hapahapa, nyuma ya nyumba za walimu, mkubwa na wa miaka mingi. Unapendeza kwa kweli, ukichanua maua yake ya zambarau yananukia hadi barabarani, na watoto wanatunga shanga kwa mbegu zake.

Mtoto mmoja wa miaka minne alitapika na kuharisha usiku kucha baada ya dawa, na asubuhi miguu ikawa inalegea. Nilimwambia mama yake asiogope, dawa inatoa uchafu. Kweli siku ya tatu alikuwa anacheza. Jirani yangu mwenye sukari naye amejisikia vizuri hata amepunguza vidonge vya hospitali, anakunywa nusu.

Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mboga, anafurahia hela. Amenikutanisha na mfanyabiashara wa Tanga anayetaka nimpatie dawa kwenye chupa, yeye ataweka lebo ya "hutibu magonjwa arobaini" na tutagawana. Baba amesema nikiendelea hatakanyaga kwangu, kwamba nimeifufua mizimu aliyoichoma. Mama ananinong'oneza kwamba bibi yangu angefurahi. Yupo pia bibi mdogo, mdogo wake bibi, Mlalo, ana miaka themanini na kitu. Hatujaonana tangu mazishi.

Niirudie kazi ya bibi au niache? Na nikiirudia, baba nitamwambia nini?

Mjukuu wa Bibi, Lushoto

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza macho yangu yalikuwa kwa baba na kikapu, na jibu nilishaanza kulitunga kichwani. Mara ya pili nilinasa kwenye sentensi uliyoipita mbio, ile ya maua ya zambarau, nikaweka kikombe cha chai chini.

Mwarobaini hauchanui zambarau.

Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo. Tunda lake lina umbo la yai dogo, likiiva linalainika na ndege wanalifuata. Mti wenye maua ya zambarau yanayonukia, wenye mbegu ambazo watoto wanatungia shanga kwa sababu kokwa lake lina tundu la asili katikati, ni mwingine. Huo ni mmelia, na kitaalamu unaitwa Melia azedarach. Ni ndugu wa mwarobaini, wa ukoo mmoja, na wako watu wanaouita mwarobaini nusu. Ulipandwa sehemu nyingi za milimani kwa kivuli na kwa uzuri wake, kwenye shule, misheni na nyumba za serikali. Ni mti mzuri wa kukaa chini yake, ila si wa kunywa. Una sumu, nyingi zaidi ikiwa kwenye matunda, lakini majani na gome navyo havikusalimika. Anayedhurika nao hutapika, huharisha, hulegea viungo, na ikizidi hupata degedege. Sasa rudi kwenye barua yako usome tena habari ya yule mtoto wa miaka minne.

Kwa hiyo mengine yatasubiri. Leo, si Jumamosi ijayo, acha kutoa dawa hiyo. Usimalizie akiba. Iliyochemshwa mwaga chooni, na matawi usiyatupe zizini, maana hata nguruwe na mbuzi wanakufa nayo. Wapitie wote waliochukua, nyumba kwa nyumba, uwaambie waliyonayo wayamwage. Utaona aibu. Vumilia, maana uking'ang'ania kuficha, aibu hiyo inaweza kugeuka msiba. Yule mtoto kamwone kwa macho yako. Akiwa bado ana udhaifu wowote, mpelekeni hospitali mkiwa na tawi la mti mkononi, na useme bila kupunguza alikunywa nini na kiasi gani. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Mimi niko mbali na mti sijauona, na nikiwa nimekosea nitafurahi kuliko wewe. Ujaribu hivi. Chuma jani zima, yaani kikonyo chote kutoka kinapoungana na tawi, ulilaze mezani. La mwarobaini ni ufito mmoja ulionyooka, vijani vimepangwa pande mbili kama unyoya wa kuku, kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno. La mmelia, ule ufito wa katikati unatoa fito nyingine ndogo pembeni, na vijani vinakaa kwenye hizo fito ndogo. Ukikuta fito zimezaa fito, jibu umelipata. Kisha usiniamini hata mimi. Chukua tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwepo, lilaze katikati ya gazeti chini ya kitu kizito, ulipeleke kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI. Umebahatika kuliko waganga wengi wa nchi hii, kwa sababu kituo hicho kiko hapohapo Lushoto na kina hazina ya mimea iliyokaushwa na kuandikwa majina. Kila mti ulio kwenye daftari lako upite huko kabla haujapita kooni kwa mtu.

Sasa turudi kwenye gunia la Mombo.

Umeandika kwamba hujui kwa nini bibi alijisumbua. Mwanangu, mwarobaini ni mti wa joto. Asili yake ni upande wa India, na kwetu umestawi pwani na tambarare, Tanga, Korogwe, Mombo. Kwenye baridi yenu hausitawi vizuri. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu kupitia Soni, na nauli ya basi haikuwa mchezo kwa mwanamke wa kijijini. Mti wa nyuma ya nyumba za walimu, wewe mwenyewe unasema ni wa miaka mingi. Basi bibi aliuona kila siku. Aliupita, akamtuma mwanawe chini ya mlima. Mtu hatumi gunia Mombo kwa kupenda safari. Alijua ule si wenyewe.

Na hilo halimo kwenye daftari, kwa sababu siku ile kwenye kigoda hakuna aliyelitaja. Kwake yeye lilikuwa jambo la wazi kama kwamba maji yanachemka kwa moto. Wewe uliandika ulichotajiwa, na kwa mtoto wa darasa la tano uliandika vizuri sana, nakupongeza. Lakini uliandika majina na vipimo tu. Tena vipimo vyenyewe: konzi mbili, konzi ya nani? Ya bibi aliyelima maisha yake yote, au yako ya miaka kumi na moja? Majani mabichi au makavu, ambayo yakikauka konzi moja inabeba mengi zaidi? Yalichemshwa kwa muda gani?

Usifikiri ninakuchokoza. Kuna mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria. Sehemu ya dawa mseto tunayopewa zahanati inatokana na mmea aliokuwa akiuchunguza. Yeye na wenzake walikuwa wakichemsha majani na matokeo hayaeleweki. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha kwao cha karne ya 4, na humo imeandikwa: konzi moja ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Imesemwa kulowekwa na kukamuliwa, kuchemsha hakukutajwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa, akabadilisha njia, ikafanya kazi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie mambo ya mababu ni upuuzi. Ila uone pia jinsi neno moja la namna ya kutengeneza lilivyobeba dawa yote.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati miaka mingi kabla ya kuanza kukaa na barua zenu, na sentensi iliyonitisha kuliko zote kwenye barua yako si ya maua. Ni ile ya "dawa inatoa uchafu". Nimeisikia kwa mabinti waliobebwa kwa machela ya kitanda. Nimeisikia kwa baba mmoja aliyeharisha siku nne baada ya chupa ya sokoni, na mkewe bado ananieleza jinsi uchafu unavyotoka, huku macho ya mgonjwa yameshazama. Kauli hiyo inamfunga mdomo anayeumia. Akizidiwa anaambiwa anapona. Ifute kwenye ulimi wako. Mtu akitapika baada ya dawa yako, dhana ya kwanza iwe dawa yako.

Bibi yako alikuwa na kauli tofauti: "Huyu si wangu." Wewe umeitaja kama ukali wa tabia. Mimi naona hapo ndipo uganga wake ulipokuwa. Jitahidi ukumbuke ni akina nani aliowarudisha. Nina hakika kubwa utakuta humo mtoto aliyeacha kunyonya, aliyetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea hashtuki. Hizo ni dalili zilezile zilizobandikwa ukutani kwenye zahanati zetu, mtoto mwenye mojawapo anakimbizwa. Mganga asiyewarudisha watu hajui mpaka wa dawa yake. Kwa miaka miwili umepokea watu wanane, kumi, kila Jumamosi, na kwenye barua yote hukutaja hata mmoja uliyemwambia si wako.

Ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Mwenye homa si wako mpaka amepimwa malaria, kipimo ni tone la damu na dakika chache. Homa si ugonjwa mmoja, inaweza kuwa malaria, nimonia au mkojo mchafu, na mtoto mwenye nimonia hawezi kusubiri siku tatu za majani. Mjamzito si wako kabisa. Mtoto mchanga si wako, hata kwa mwarobaini wa kweli wa Mombo, kwani mafuta yake yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na vifo. Hata ile dawa yako nzuri ya kikohozi ina mpaka wake: asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kwa wakubwa, tangawizi na mchaichai sina ugomvi nayo, nami nakunywa. Kikohozi kikivuka wiki mbili, mtume akapime kifua kikuu.

Jirani wa sukari naye umwendee leoleo. Vidonge avirudie kama alivyoandikiwa, aende kliniki akapimwe, na amwambie mhudumu kila anachokunywa pembeni. Kujisikia vizuri si kipimo cha sukari, sukari inaharibu macho, figo na miguu ya mtu anayejisikia vizuri kabisa. Na hata siku utakapokuwa na majani sahihi, jua kwamba mwarobaini, kama mlonge, unaweza kushusha sukari. Ukiongezwa juu ya vidonge bila daktari kujua, mtu anaweza kuanguka jikoni peke yake.

Habari ya mfanyabiashara wa Tanga haihitaji aya ndefu. Mkatalie. Mtu akidhurika, lebo itakuwa imeahidi magonjwa arobaini na wewe ndiye utakayetafutwa. Mumeo mwambie hivi: hela hiyo ingeanza na chupa za mmelia. Kama ni mtu wa kufikiri atanyamaza mwenyewe.

Ukitaka kufanya kazi hii kwa haki, njia ipo. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linalosajili waganga, wasaidizi wao na dawa. Anza kwa uongozi wa kijiji au mtaa wako, kisha mratibu wa tiba asili wa wilaya. Kutoa tiba bila usajili ni kosa, na matangazo nayo yana kibali chake. Dawa unayotaka kuuza ipelekwe kwanza ikachunguzwe usalama wake. Muhimbili iko Taasisi ya Tiba Asili, ambayo ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, kwa hiyo nchi hii imekuwa ikiwasikiliza kina bibi yako kwa nusu karne. Itachukua muda. Wakati huo benchi la Jumamosi liwe tupu, au liwe la kunywea chai.

Sasa baba.

Kikapu alichokichoma kinaniuma hata mimi ambaye sikukiona. Yale mafundo peke yake yalikuwa kitabu. Lakini nisingependa umfanye baba yako mtu mbaya wa hadithi hii, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Neno mganga limebeba watu wengi mno, mchimba mizizi na mpiga ramli wakiwa kwenye basi moja. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasio na vibali na wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mtu aliyeokoka akisikia neno hilo anaona yote hayo kwa pamoja. Wewe unajua bibi hakuwa huko. Yeye huenda anajua zaidi yako, alikulia kwenye nyumba ile.

Na Kiswahili chenyewe kinatuchekesha. Daktari mkubwa wa wilaya yenu tunamwita Mganga Mkuu wa Wilaya, anayesimamia zahanati tunamwita mganga mfawidhi, na sijasikia kanisa lililomkemea kwa cheo chake. Ukipata nafasi ya utani na mzee, mchokoze na hilo. Lakini utani si hoja, na mimi sidhani baba yako anahitaji hoja. Mtu aliyechoma kitu cha mama yake mbele ya watu, na mama akakaa kimya miaka sita hadi anaingia kaburini, ana jambo lake moyoni ambalo wewe huwezi kulishinda kwa maneno. Usiende kumwomba ruhusa, wala usiende na daftari kwapani kana kwamba umeenda kumshtaki.

Nenda umwambie habari ya mtoto aliyetapika. Mwambie umekosea mti, umeacha, umewapitia watu. Yeye alikuwa akingoja uje kubishana, na hicho hakukitarajia. Naye huenda ndiye mtu pekee aliyebaki kwenye nyumba yenu aliyewahi kuchuma mwarobaini ule kwa mkono wake, akaujaza guniani, akaurudisha kwa mama yake, akaambiwa haya mazuri, haya uliyachelewesha, haya yameota ukungu. Wewe unahesabu kwamba elimu ya bibi iliteketea na kikapu, wakati sehemu yake inakaa kwako kila Krismasi ikila wali.

Baada ya hapo ndipo Mlalo. Bibi mdogo ana miaka themanini na kitu, usisubiri msimu wa mboga uishe. Chukua sukari, sabuni na kitenge, ukae siku tatu, nne, na daftari lisifunguliwe siku ya kwanza. Mfuate anapokwenda kuni. Atasimama kwenye mti bila kuulizwa, ndivyo walivyo. Akibandua gome tazama anabandua upande gani na anaacha kiasi gani, kwa kuwa mti ukivuliwa gome kuuzunguka wote unakufa, na dawa ya mwakani imekufa nao. Akisema "huu wachume mvua zikiisha", muulize mbona. Akikuonyesha mti unaofanana na mwingine, hapo ndipo utoe kalamu, maana ukurasa wa pacha wa kila dawa ndio unaokosekana kwenye daftari lako. Kurasa ishirini na mbili zitakuwa hamsini, na huenda tano za mwanzo utazipiga mstari. Baba akitaka kwenda nawe, mwache akae kiti cha mbele.

Ila kwake uanze na swali moja tu, tena si la uganga. Muulize mama yake alikuwa akisema nini juu ya ule mti wa nyuma ya nyumba za walimu, siku alizokuwa akimkabidhi gunia tupu na nauli ya Mombo. Atakachokujibu niandikie.

Bi Mkubwa